Reli kando ya mto: kisa cha Kilosa na Gulwe

Ukimsikia mtu wa Dodoma akisema reli imekatika, huna haja ya kuuliza imekatikia wapi. Itakuwa kati ya Kilosa na Gulwe. Kipande hicho kina urefu wa kama kilomita 80 tu, katika njia ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, lakini ndicho kinachoamua kama treni itafika au abiria watalala stesheni. Kilisombwa na maji enzi za Waingereza. Kikasombwa mikononi mwa mwekezaji, na mwekezaji alipoondoka kikasombwa tena.

Maelezo ya kawaida ni mawili. Moja ni mvua: mwaka huu imezidi. La pili ni uzembe: reli haitunzwi. Yote mawili yana ukweli wake, ila hakuna hata moja linaloeleza kwa nini ni kipande hikihiki kila mara. Ninavyoona mimi, kila reli hii iliporudishwa ilirudishwa palepale, na waliopewa kazi ya kuirudisha walikuwa na mamlaka juu ya tuta na hifadhi yake tu. Kinachoivunja kinaanzia mashambani na malishoni, makumi ya kilomita juu ya mto.

Tuanze na swali ambalo watu hupenda kuwatupia Wajerumani: kwa nini walipitisha reli bondeni?

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya kampuni ya reli ya Kijerumani, mkandarasi akiwa Philipp Holzmann. Desemba 1907 reli ikafika Morogoro. Mpaka hapo kazi haikuwa ya kutisha sana. Mbele ya Kilosa ndipo penye ukuta: kusini milima ya Rubeho, kaskazini Ukaguru, na nyuma yake nyanda za juu za Ugogo. Kilosa iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, Dodoma inapita mita 1,100. Injini ya mvuke ya wakati ule, ikivuta mabehewa yaliyojaa, haikuweza kupanda mteremko mkali, na kutoboa mahandaki lilikuwa jambo la gharama ambayo hakuna mtu Berlin angeikubali kwa koloni ambalo bado halijaonyesha faida.

Mto ulikuwa umeshafanya kazi hiyo. Mkondoa umekata njia katikati ya milima hiyo, na misafara ya pwani iliijua zamani kabla ya Mjerumani yeyote kushika ramani. Burton na Speke walipanda kwa njia hiyo mwaka 1857, wakiongozwa na watu waliokwisha kuizoea. Mhandisi wa reli alichofanya ni kufuata nyayo za wapagazi.

Upana wa reli nao ulichangia. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000, yaani mita moja kutoka chuma hadi chuma. Reli nyembamba namna hiyo inakubali kona kali, na kona kali zinairuhusu kujikunja pamoja na mto badala ya kukata mlima. Kila mahali mto ulipojipinda, reli ikajipinda nao, tuta likiwa hatua chache kutoka ukingoni. Akiba ya fedha ilipatikana kwa kukaa karibu na maji. Sina ubavu wa kuwalaumu. Kwa injini walizokuwa nazo na mfuko waliokuwa nao, mhandisi wa leo angefanya vilevile.

Mwaka 1910 reli ilikuwa Dodoma, 1912 Tabora, na mwanzoni mwa 1914 Kigoma. Aliyepoteza palepale ni Mpwapwa. Mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara, una wamisionari tangu miaka ya 1870 na boma la Wajerumani, wakati Dodoma haijawa kitu. Lakini reli inafuata bonde, na Mpwapwa iko pembeni ya bonde. Ikapewa stesheni ya Gulwe, nje ya mji, na umaarufu ukahamia Dodoma. Mtu anayeshangaa makao makuu ya nchi yalifikaje Dodoma na si Mpwapwa, sehemu ya jibu iko hapo.

Sasa mto wenyewe. Huku juu unaitwa Kinyasungwe. Unakusanya maji ya tambarare za Dodoma, Chamwino na Kongwa, unapita Gulwe na Godegode, unaingia korongoni kuelekea Kidete, na ukitokea Kilosa umeshakuwa Mkondoa. Mbele zaidi ni Wami, hadi Bahari ya Hindi. Ukiuona mwezi wa Septemba utadhani umedanganywa: ni njia pana ya mchanga mkavu, watoto wanachunga mbuzi katikati.

Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kiasi kidogo kabisa. Tatizo ni namna inavyonyesha. Miezi saba ya ukame inaiacha ardhi wazi, nyasi zimeliwa, shamba limesafishwa likisubiri mbegu. Kisha Desemba au Januari wingu moja linamwaga kwa saa mbili kile ambacho udongo ungekinywa kwa wiki mbili. Maji hayazami, yanakimbia, na yanakimbia na udongo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kuhusu Gulwe. Wanafikiri adui ni maji peke yake. Maji matupu yangepita. Kinachoua reli ni mchanga. Vijito vinavyoshuka kutoka milimani vinaingia mtoni kutoka pembeni, vikiwa na kasi na mzigo mkubwa wa udongo na mawe. Vikifika bondeni kwenye tambarare kasi inaisha, mzigo unatuliwa. Mwaka baada ya mwaka sakafu ya mto inapanda. Kalavati ambayo mtu mzima angeweza kuingia amesimama inabaki uwazi wa kupita paka. Daraja lililokuwa juu sana ya maji linajikuta maji yakigonga vyuma vyake. Na pale kijito kinapomwaga lundo la mchanga upande mmoja, mto mkuu unasukumwa upande wa pili. Ikiwa upande wa pili ndiko liliko tuta, basi.

Tuta likishalika, picha yake wote tumeiona magazetini: udongo umekwenda wote, chuma mbili zinaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Mafundi wa njia wanaotembea na kiberenge ndio hugundua kwanza, au ndio tunaoomba wagundue kwanza. Kisha huja mawe, vifusi, nyavu za waya za kufungia mawe, kokoto mpya. Na kwa kuwa barabara korongoni ni ya shida wakati wa mvua, vifaa vingi hulazimika kufika kwa reli hiyohiyo, kundi moja likitokea upande wa Kilosa na jingine upande wa Gulwe, yakisogeleana kidogo kidogo. Ndiyo maana kukatika kwa mita 200 tu kunaweza kula wiki nzima.

Wakati ambao kipande hiki kilijulikana hadi London ni 1947. Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, kituo cha kwanza kikiwa Kongwa. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa pauni milioni 25. Matrekta yakashushwa bandari ya Dar es Salaam, bandari ambayo haikuandaliwa kwa mzigo ule, yakapakiwa kwenye reli moja iliyokuwepo. Kinyasungwe ikafurika, reli ikakatika, na mradi uliotangazwa kuwa wa haraka ukabaki na barabara ya vumbi iliyogeuka tope.

Mradi ule ulikufa kwa sababu nyingi. Mvua ya Kongwa haitoshi, udongo wake ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Ulifungwa Januari 1951, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Reli haikuwa chanzo cha kufeli. Ila kuna jambo moja ambalo wanaosimulia karanga za Kongwa hulipita haraka: waliopanga walihesabu reli kama kitu kilichopo, kinachosubiri mizigo, wakati mtu yeyote wa idara ya reli angewaambia kwamba kati ya Januari na Aprili njia ile huwezi kuiahidi mtu. Tena mradi wenyewe ulikuwa wa kung'oa vichaka kwenye eneo kubwa la bonde lilelile la Kinyasungwe. Ulilalamikia mafuriko huku ukivua nguo ardhi inayoyatengeneza.

Na si kwamba elimu hiyo haikuwepo. Hapa ndipo kisa kinaponiudhi. Mpwapwa kulikuwa na kituo cha serikali cha utafiti wa mifugo tangu wakati wa Wajerumani. Miaka ya 1930 mtafiti wa hapo, Staples, alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko wa kawaida, akavizungushia kingo, akapima maji na udongo unaotoka kila mvua ikinyesha. Ni miongoni mwa majaribio ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza takribani nusu ya mvua yote kama maji ya kukimbia, na udongo wa karibu tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Kilicholimwa uwele kilipoteza takribani robo ya mvua, na udongo zaidi ya tani 70. Chenye nyasi kilipoteza kama asilimia 2 ya mvua. Chenye vichaka vya asili, chini ya asilimia 1, na udongo wake ukabaki pale ulipo.

Soma tena namba hizo ukikumbuka kwamba Mpwapwa na Gulwe ni jirani. Jibu la kwa nini reli inasombwa lilipimwa kwa vipimo vya kisayansi karibu na stesheni yenyewe, zaidi ya miaka 80 iliyopita, na serikali ileile iliyokuwa inamiliki reli. Lakini lilipimwa na idara ya mifugo. Kwa idara ya reli lilikuwa jambo la malisho.

Mwaka 1972 ikatokea kazi nyingine, ya watafiti wa Sweden na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliopima mmomonyoko kwenye vyanzo vinne karibu na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walichokikuta ni mabwawa yanayojaa udongo kwa kasi ambayo ingeyamaliza katika miongo michache. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambayo sifa yake kubwa iko Kondoa, ambako mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika. Nyasi zilirudi. Walioondolewa mifugo walikuwa na maoni yao, na hayakuwa ya kupongeza. Lakini sehemu kubwa ya Kondoa iliyotengwa haimwagi maji yake Kinyasungwe. Kwa reli, dawa ilijaribiwa kwenye kidonda cha mwingine.

Niseme pia kuhusu ajali ya Igandu, kwa sababu watu huichanganya na mafuriko. Juni 24, 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilipata hitilafu ya breki ikiwa inapanda kuelekea Dodoma, ikarudi kinyumenyume kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki, na hiyo ndiyo ajali mbaya zaidi ya reli nchini. Haikusababishwa na maji. Inahusika na kisa hiki kwa jambo moja tu: mpando. Njia inapotoka bonde la mto kupanda tambarare ya Ugogo haina pa kujificha, lazima ipande, na treni nzito ikikosa breki hapo inarudi ilikotoka.

Sasa kipindi kilichotuumiza wengi wetu tulio hai. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kwa kampuni ya TRL (Tanzania Railways Limited), RITES ya India ikiwa na hisa asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Ndani ya miaka michache kulikuwa na migomo ya wafanyakazi, uhaba wa injini na mabishano ya fedha. Kisha mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ikavunja kingo zake Kilosa, maelfu wakapoteza makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikabomolewa vibaya kuliko kawaida. Safari za abiria kutoka Dar es Salaam zikasimama. Zilipoanza tena, kwa muda zilianzia Dodoma: abiria wa Tabora, Kigoma na Mwanza alipanda basi kwanza, akashuka na mizigo yake, akaingia kwenye treni. Kwa kipindi hicho Dodoma ilikuwa mwanzo wa reli ya kati.

Mkataba wa RITES ulivunjwa, na mwaka 2011 TRL ikarudi serikalini. Wengi walisema mwekezaji ndiye aliyeua reli. Alikuwa na makosa yake, sibishi. Lakini Januari 2014, wakati hayupo tena, maji yalikata tena njia upande wa Godegode na Gulwe. Mtu anayesema umiliki ndio uliokuwa tatizo inabidi anieleze hiyo Januari.

Baada ya hapo kulifanyika mambo mawili ya maana. Shirika la maendeleo la Japani, JICA, lilifanya utafiti wa kina wa mafuriko ya Kilosa na Gulwe, likitazama mto, vijito na vyanzo vyake, si tuta peke yake. Na mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa ajili ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Isaka: vyuma vizito zaidi vya ratili 80 kwa yadi, madaraja, mabehewa. Kazi ile ilisaidia. Treni nzito ikapita pale ambapo ilikuwa inatambaa. Lakini chuma kizito hakizuii mchanga, na mabwawa ya kupunguza kasi ya maji huko juu yamezungumzwa kwa miaka mingi kuliko yalivyojengwa.

Katikati ya haya yote wapo watu wa Munisagara, Kidete na Godegode. Kwa mfanyakazi wa Dodoma, reli ikikatika ni usumbufu, atapanda basi. Kwa kijiji cha korongoni treni ndiyo daladala. Ndiyo inayompeleka mjamzito hospitali ya Kilosa, ndiyo inayotoa gunia la vitunguu kwenda sokoni, na mama anayeuza chakula dirishani hana stendi nyingine ya kuhamia. Takwimu za hasara hutolewa kwa tani za mizigo zilizokwama, na tani za Kidete ni chache mno kuonekana kwenye jedwali.

Kisha ikaja SGR, reli mpya ya kisasa. Julai 25, 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia akaizindua rasmi. Reli hii ina upana wa milimita 1,435 na mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Mwendo huo haukubali kona za mto. Kwa hiyo wajenzi, Yapi Merkezi ya Uturuki, walipita kwenye milima ileile kwa kupanda juu zaidi, wakajenga madaraja marefu na kutoboa mahandaki manne upande wa Kilosa. Kile ambacho Holzmann hakuwa na fedha ya kukifanya kilifanyika miaka zaidi ya 110 baadaye. Stesheni zake hata hivyo zinasomeka kama orodha ya zamani: Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, Dodoma. Bonde ni lile lile, kimo ndicho kimebadilika, na vijito vya Rubeho na Ukaguru bado vinapita chini ya madaraja mapya vikiwa na mzigo wao.

Reli ya zamani haijaenda popote. Abiria wa Tabora, Kigoma na Mpanda bado wanaitegemea, mizigo bado inapita, na vijiji vingi vya korongoni havipandi treni ya mwendokasi isiyosimama kwao. Ndiyo maana swali la nani anasimamia mchanga halijaisha kwa kukatwa utepe.

Ukiliuliza leo, jibu linagawanyika. Tuta ni la TRC, Shirika la Reli Tanzania. Mto ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi Morogoro. Ardhi inayomomonyoka iko chini ya halmashauri za Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, na kwa kweli iko mikononi mwa wakulima na wafugaji ambao hawajawahi kuulizwa. Anayepata hasara ni Kilosa, iliyo mkoa mwingine kabisa, Morogoro. Halmashauri ya Kongwa ikitumia fedha zake kupanda nyasi na kujenga makinga maji, faida inakwenda kwa shirika la reli na mji wa Kilosa. TRC ikijenga bwawa Kongwa, mkaguzi atauliza shirika la reli linafanya nini na bwawa. Kila mmoja akifuata kanuni zake vizuri kabisa, mchanga unaendelea kushuka.

Kama ningepewa jambo moja la kuanza nalo, lisingekuwa bwawa. Ningeanza na kipimo: kila Oktoba, kabla ya mvua, kina cha sakafu ya mto kipimwe kwenye kila daraja na kalavati kati ya Gulwe na Kilosa, na namba zitangazwe kwa wote waliotajwa hapo juu pamoja na mkoa wa Morogoro. Ni kazi ya kiberenge, fimbo ya kupimia na wiki chache. Mwaka wa kwanza itaonyesha ni kalavati zipi zimejaa. Mwaka wa tatu itaonyesha ni kijito kipi kinaleta mchanga kuliko vingine, na hapo ndipo fedha ya mabwawa na ya nyasi itakuwa na anwani ya kupelekwa.